Uzi wa Sukari Guru

Vidole vya Dhapu vilikuwa vimekufa ganzi, na siri hiyo aliijua yeye peke yake, au ndivyo alivyojidanganya. Ganzi ilianzia miguuni, siku alipotoka kisimani hadi uani bila kujua kwamba ndara moja imebaki njiani. Daktari wa mjini akamwambia ni kisukari, akampa vidonge, naye akavificha chini ya mto. Baadaye ganzi ikapanda mikononi. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu, lakini watu hao hawakuwahi kuwa na wifi kama Gomti.

Gomti, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amefika jana yake kwa basi, amejifunika blanketi mpaka puani, eti amekuja kusaidia. Santosh, binti pekee wa Dhapu, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza huko kwa wakwe zake, na ladu za mzazi, vile vitamu vya kufinyangwa mviringo, hutoka kwao mwanamke. Karai zima la ladu za gundi ya mti iliwayo, samli na tangawizi kavu, za kumrudishia nguvu na kumkinga na baridi hii ya Shekhawati inayopasua midomo. Mchana gari la mkwe lingekuja kuzichukua. Jioni wanawake wa kule wangezivunja mbele ya Santosh, na kama zingekuwa mawe, binti angesimangwa mpaka huyo mtoto atakapooa.

Kwa miaka thelathini ladu za wazazi wote wa ukoo zilipikwa na Dhapu. Kabla yake alizipika mama mkwe wake, ambaye ndiye mama yake Gomti. Mkono wa bibi yule ulipochoka, akaharibu makarai mawili mfululizo, na Dhapu hakumpa nafasi ya tatu. Alimwambia akapumzike. Kitanda chake kikahamishiwa pembeni ya ua, karibu na nyati wa maziwa, na akaishi pale miaka saba akiulizwa jambo moja tu, kama amekula. Gomti hakuwahi kulisahau hilo. Dhapu naye hakulisahau, hasa siku hizi.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka uani. Vimla, mke wa mwanawe, alikuwa amechuchumaa mekoni na mtandio umemfunika uso hadi kidevuni, kama ipasavyo mbele ya wakubwa. Alikuwa na miaka kumi na moja katika nyumba hiyo, na Dhapu alimjua kwa mikono na miguu kuliko kwa sura, na zaidi alimjua kwa makosa yake. Chapati zake nene, chai yake nyepesi. Mtu akiuliza Vimla anajua kupika nini, Dhapu alikuwa akijibu kwamba anajua kuchemsha maji, na hayo nayo wakati mwingine yanamshinda.

Kazi ilikuwa imekwenda vizuri mpaka hapo. Gundi ya mgunga ilikwisha kukaangwa kwenye samli, ikafura kama bisi, ikapondwa. Unga ulikaangwa ukawa rangi ya udongo na harufu yake ikajaa ua mzima. Iliyobaki ni sukari guru, na hiyo haina huruma. Ikiyeyuka na kuchemka hufika mahali ambapo ukiibana kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha ukavifumbua, huvutika uzi mmoja. Hapo hapo itoke motoni. Ikipita kidogo tu, ladu zinageuka kokoto. Na kwa kuwa hakuna anayeonja kitamu kabla mungu wa nyumba hajatengewa sehemu yake, ulimi hausaidii kitu. Ni kidole tu.

"Vimla, toka hapo," Gomti alisema. "Nenda katwange lozi. Moto nitauchochea mimi, angalau nijipashe joto."

Vimla alisita. Dhapu aliona mikono yake imeng'ang'ania kuni, akamkaripia kwa nini anasubiri kuambiwa mara mbili. Akaondoka, akaenda kukaa kwenye kinu. Gomti akajivuta mbele ya meko, akasukuma kuni mbili ndani, halafu ya tatu, na moto ukaanza kunguruma.

Dhapu alichota kwa mwiko, akangoja kidogo, akabana tone, akafumbua vidole. Hakusikia chochote. Hakujua kama tone lile ni jepesi au linanata, kama ni la moto au limepoa. Alitazama, lakini kati ya moshi, ukungu na macho ya miaka sitini na tisa, uzi mwembamba hauonekani.

"Bado," alisema.

Mwaka jana alisema "bado" mara mbili hivyo hivyo, kisha "tayari" kwa kubahatisha, na ladu zikatoka laini hata watu wa mtaa wa pili wakaja kuuliza siri yake. Alishukuru akadhani ni rehema. Sasa aliomba rehema hiyo ije tena, akabana tone la pili, na la tatu. Mapovu yalikuwa yanabadilika, yanakuwa makubwa na mazito.

"Wifi, leo unapima sana," Gomti alisema bila kuondoa macho. "Zamani si ulikuwa unagusa mara moja tu?"

"Sukari guru ya mwaka huu ina maji."

"Hebu niguse na mimi."

"Wewe chochea moto uliouomba."

Gomti akacheka kidogo, akasukuma kuni nyingine. Dhapu alichota tena, na safari hii kwa haraka hakungoja lipoe. Alibana, akaendelea kubana, akitafuta ndani ya vidole vyake japo dalili ndogo ya kunata. Aliogopa. Aliogopa kama hakuwahi kuogopa hata siku ya kumzaa Santosh. Alimwona binti yake mbele ya wanawake wa kule, na alikiona kitanda chake mwenyewe karibu na nyati.

"Nionyeshe huo uzi," Gomti alisema, naye alikuwa amekwisha kunyoosha mkono.

Mchi ukanyamaza kinuni.

"Mama," sauti ya Vimla ilitoka chini ya mtandio, "umesema nitoe kuni?"

Dhapu hakuwa amesema neno. Alimgeukia, sukari guru ikitokota. Kisha akaelewa: huyu anajua.

"Nimesema," alijibu kwa ukali. "Au nipige ngoma?"

Vimla alikuja mbio. Alizivuta kuni mbele ya magoti ya Gomti bila hata kumwomba radhi, akashika karai kwa matambara, akaimimina sukari guru juu ya unga na gundi. Dhapu akakoroga. Wakaanza kufinyanga ingali ya moto, na Gomti, hakukosa, akaokota ladu ya kwanza akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikabonyea vizuri. Akaibonyeza ya pili. Akairudisha sahanini, akasema anatoka kuangalia kama jua limechomoza.

Alipotoka tu, Vimla aliushika mkono wa Dhapu na kuutia kwenye ndoo ya maji. Hapo ndipo Dhapu alipotazama. Kidole gumba kilikuwa na lengelenge kubwa kama njegere, na ngozi ya cha shahada ilikuwa imebanduka. Hakuwa na habari.

"Tangu lini unajua?" aliuliza.

"Tangu mwaka jana, Mama."

"Na ladu za mwaka jana?"

"Tayari ulisema wewe. Mimi nilikuwa nimeshavuta kuni kabla hujasema, basi. Nilikuwa nasikia mapovu yanavyolia."

Kwanza Dhapu aliona hasira, hasira ya mtu aliyeibiwa. Sifa zote zile. Halafu akakumbuka kwamba siku ileile ya sifa, ua ukiwa umejaa wageni, aliwachekesha kwa ule utani wake wa kuchemsha maji, na huyu alikuwa amesimama pale pale akigawa chai. Aibu ikamshika mpaka masikioni. Akabaki na mkono ndani ya ndoo.

Karai la pili lilikuwa la nyumbani. Gomti alirudi likiwa limeanza kuchemka, akakaa, akamwuliza wifi yake kama leo atapima mara kumi au ishirini.

"Atapima Vimla," Dhapu alisema. "Vidole vyangu vimekufa, Gomti. Ladu ulizozisifia mwaka jana ni za huyu. Nenda kawaambie wote, hutanipunguzia kitu."

Miaka yote Gomti alikuwa ameisubiri siku hiyo. Alivuta blanketi mabegani akatazama moto.

Vimla hakusogea. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye hajawahi kugusa, hajawahi kuruhusiwa, anajua kwa masikio tu. Dhapu akamfunua mtandio, akauweka nyuma ya kichwa ili usishike moto, na uso uliotokea ulikuwa wa mwanamke mtu mzima, una mikunjo ambayo hakuijua. Akamkabidhi mwiko.

Vimla alibana tone. Akaguta, akatikisa mkono, machozi yakamlengalenga.

"Inaunguza, Mama."

Dhapu akamwonea wivu kwa maumivu yale, wivu wa kweli. Akasogea karibu yake, bega kwa bega.

"Bana tena," alimwambia. "Halafu niambie unasikia nini."