Terabaiti Mbili za Erica

Redio yao ya Tunduma ilipopata seva mpya ya kutunzia nakala za akiba, kila kitengo kiliambiwa kijaze fomu kueleza kinahitaji nafasi kiasi gani. Erica alipima mafaili yake moja moja. Alikuwa na video za wazee wa Ileje wakisimulia kwa Kindali, matunda ya miaka miwili ya kupanda vilima, zote ndani ya kompyuta moja iliyokwisha kuanza kukoroma. Ikifa, inakufa nazo. Akaandika: terabaiti mbili.

Akapewa moja.

Mama Jenista wa vipindi vya kwaya alikuwa ameomba nane, kapewa nne, na korido nzima ilijua.

"Mama, kwaya zinajaza hata hizo nne?" Erica alimuuliza.

"Wapi! Mbili zinabaki." Akamkazia macho. "Mwanangu, usiniambie wewe uliandika unachohitaji."

"Si ndivyo fomu ilivyouliza?"

Mama Jenista alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani, Ileje wametuletea malaika! Hapa mpakani ukitaja, unakatwa nusu. Rudi kwa Anania mkapatane."

Anania, fundi wa seva, alikuwa kwenye chumba chake cha kiyoyozi, amevaa koti zito mchana kweupe.

"Kaka Anania, naomba nne," Erica alisema, masikio yakimwaka moto.

"Nne! Unahifadhi wazee au Ileje yote na migomba yake? Chukua moja na nusu."

"Tatu."

"Moja na nusu, dada. Diski hazioti."

Erica alifungua mdomo ataje mbili na nusu, akashindwa. "Kaka, mimi siwezi haya mambo. Ni mbili. Mzee Tuntufye alifariki mwezi wa tano, na hayupo kwingine ila kwenye ile kompyuta."

Anania akaacha kutabasamu. Akaitafuta fomu ya Erica, akaisoma taratibu.

"Mbili ya kweli kabisa?"

"Ya kweli."

"Mimi nikajua ni moja." Akageukia kibodi. "Kuongeza ni dakika moja. Kupunguza ndiko kunakotoa jasho, ndiyo maana huwa naanza na kidogo." Kwenye skrini, moja ikawa mbili. "Ila mdogo wangu, siku nyingine ukitaka kusema ukweli, nipigie simu kwanza nijiandae."

Erica alicheka huku anafuta macho, akakimbia kwenda kuhamisha mafaili. Alianza na Mzee Tuntufye.