Kisahani cha Walioshiba

Ladina Caflisch aliinuka kwenye hadubini, akaketi, akainuka tena. Kisahani cha kwanza kilikuwa vile alivyokitamani kwa miaka mitatu: seli zote za saratani zimekufa. Saa nane Profesa Hösli angekuja kuamua kama kazi hii iendelee au ifungwe.

Shida ilikuwa kisahani cha pili.

Dawa yake ilikuwa nyekundu kama divai, maana aliifunga kwenye kobalti iliyo katikati ya vitamini B12. Seli ya saratani huzaliana kwa pupa na huila vitamini hiyo zaidi kuliko jirani zake. Humeza chambo, na sumu imo humohumo. Seli za kisahani cha pili alikuwa amezishibisha kwanza kwa vitamini tupu, ili zikatae chambo. Zilipaswa kuwa hai. Nazo zilikuwa zimekufa.

Yaani dawa iliingia yenyewe, bila kubebwa. Kwa namna hiyo ingeua hata seli zenye afya za mgonjwa.

"Bado unazunguka tu?" Köbi, fundi wa maabara, aliingia na trei ya glasi safi. "Zimekufa, binti. Si ndivyo ulivyotaka?"

"Nilitaka zife hizi. Zile zibaki."

"Wewe ukishinda bahati nasibu utalalamikia foleni."

Akapandisha pazia, akafungua madirisha yote mawili. Baridi ya Februari ikaingia. Ladina akajikunyata ndani ya sweta.

"Dakika chache tu," alisema Köbi. "Hewa imelala humu."

Mwanga ulianguka mezani, juu ya kipande cha foili kilichokunjamana. Ladina alikitazama, akaacha kutembea.

"Köbi, Jumatatu tulipokwenda kunywa kahawa ya saa tatu, ulifungua hivi, pazia na madirisha?"

"Siku gani sifungui? Nikafunga kabla hamjarudi."

"Na chupa yangu nyekundu?"

"Ilikuwa hapo hapo. Sikuigusa. Mimi na vitu vya watu?"

Ladina alikuwa ameitoa chupa kwenye foili inayoikinga na mwanga, chini ya taa nyekundu, akaitwa kahawani. Hakuna anayekosa kahawa ya saa tatu. Akaiacha wazi, akiliamini pazia. Na mwanga ndio hasa hukata kifungo kati ya kobalti na dawa, dawa ikabaki huru kuingia popote.

Alipomweleza, Köbi alikuna shingo. "Basi mwonyeshe cha kwanza tu. Hicho kingine nipe, mwoshaji ni mimi."

Ladina alikichukua kisahani, akaenda nacho hadi kwenye sinki. Akarudi nacho.

Saa nane Profesa aliinama kwenye kile cha kwanza, akakawia. "Hatimaye, Ladina." Alikuwa ameshanyoosha mkono wa pongezi.

"Tazama na cha pili, Profesa."

Alipoinua kichwa, tabasamu lilikuwa limeondoka. Ladina alieleza habari ya kahawa, foili na dirisha. Hakumtaja mtu.

"Dirisha nilifungua mimi," alisema Köbi kutoka mlangoni.

 Profesa alikwenda dirishani, akateremsha pazia mwenyewe hadi chini.

"Rudia. Wiki ijayo nitatazama cha pili kwanza."

"Na kahawa?" Köbi aliuliza.

"Wewe unywe. Yeye abaki na chupa yake."

Ladina hakuwasikia. Alikuwa tayari anachana foili mpya ya kuifunika chupa.