Bosi Kalala

Kwa watu wengine, mtoto akilala nyumba nzima inanong'ona. Kwa fundi wa masufuria mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mwanawe wa miezi saba alikuwa na kitanda chake humohumo karakana: sanduku la bati alilolikunja baba mtu kwa mkono wake, akalitandika blanketi, akaliweka mwisho wa meza ya kazi. Na meza hiyohiyo ndiyo iliyofungiwa fuawe, kile chuma kizito ambacho fundi aligongea mabati kutwa nzima. Ko! Ko! Ko! Majirani wanaziba masikio, mtoto yeye kalala fofofo, ngumi kazikunja utadhani meneja aliyeshiba.

Basi wakamwita Bosi. "Bosi kalala, chapeni kazi!" alipenda kupayuka fundi pancha wa kibanda cha mkabala, mtu mwenye mdomo usio na breki. Na fundi wetu, loh, alivyopenda sifa! Mteja akija kuchukua sufuria haondoki mpaka aoneshwe mtoto. "Huyu si wa kulelewa kwa kunong'onezwa," atasema, kifua mbele. Mama yake mzazi, bibi yake Bosi, anadakia kutoka kwenye kigoda chake mlangoni: "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta!" Wanacheka, siku inakwenda.

Aliyekuwa hacheki ni mke wa fundi. Alipompeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, nesi alitikisa njuga nyuma ya kichwa cha mtoto, kulia, kisha kushoto, na Bosi hakugeuka. Nesi hakumtisha. Alimuuliza tu kama mtoto hugeuka akiitwa, na kama ameanza kubwabwaja ba-ba-ba, ma-ma-ma. Mama akajibu hapana na hapana. "Mpeleke hospitali, chumba cha masikio, Alhamisi asubuhi," nesi akasema. "Kama hasikii, msaada upo. Kuna vifaa vya sikioni, kuna lugha ya ishara. Ila msimcheleweshe, mama. Umri huu ndio akili yake inatafuta lugha."

Fundi aliposikia hayo alikuja juu kama moto wa kifuu. Mtoto wake atafutiwe ugonjwa? Akatoa amri: "Ukimpeleka huko, ukitoka nenda kwenu moja kwa moja. Usirudi hapa."

Lakini kuna jambo ambalo fundi hakumwambia mtu. Siku chache kabla ya kliniki, nyumbani, mfuniko wa sufuria kubwa ulimponyoka mkononi ukaanguka sakafuni, ukazunguka ukilia mpaka ukachoka wenyewe. Bosi alikuwa macho, kakalishwa kitandani kaegemezwa mto, kampa baba mgongo, ananyonya kijiko. Hakushtuka. Fundi aliuokota ule mfuniko, akautundika, akajiambia mtoto kanogewa na kijiko. Tangu siku hiyo sifa zake zikaongezeka maradufu, na usingizi wake ukapungua.

Alhamisi ikafika. Mke akatokea karakana amevaa gauni la kutokea, mkoba begani.

"Baba Bosi, naomba twende. Chumba kile kinafungwa saa sita."

"Mimi nina kazi."

"Basi niruhusu niende naye mwenyewe, nirudi nyumbani kwangu."

"Nilishasema!"

"Ulisema, nikasikia. Yeye je, alikusikia?"

Hapo fundi akapandwa na mori. "Mwanangu si kiziwi!" alifoka, na sauti ikafika barabarani. Neno lenyewe lilikuwa halijatamkwa na mtu yeyote, si nesi, si mke. Yeye ndiye aliyelitoa. Fundi pancha akainua kichwa kutoka kwenye tairi lake. Bibi akaacha kuchambua mboga.

"Njooni wote," fundi akasema, mkono tayari umeshika nyundo. "Leo nataka ushahidi. Leo maneno yaishe."

Bosi alikuwa ameamka, amekaa ndani ya sanduku lake kawapa mgongo. Fundi akapiga fuawe. Ko! Mtoto akaruka kidogo, mikono ikapanda juu, kisha akageuza kichwa huku na huku akitabasamu kibogoyo.

Bibi akapiga vigelegele. "Bosi kaamka, lipeni mishahara!" fundi pancha akapayuka. Mke wa fundi akaziba mdomo kwa viganja, machozi yakamtoka, na huku analia anacheka. Masikini, alikuwa anataka kushindwa kuliko mtu yeyote pale. "Piga tena," akasema. "Piga, nimwone tena." Ko! Mtoto akacheka. Fundi akahisi mzigo wa siku nyingi unamtoka mabegani. Kumbe alikuwa anajitesa bure!

Kisha akamwona mkewe ameduwaa anatazama meza. Karibu na sanduku palikuwa na kopo la misumari. Mwanamke akaweka kiganja juu ya mbao.

"Piga tena."

Ko! Misumari ikacheza ndani ya kopo. Mtoto akacheka. Mwanamke akaondoa kiganja polepole, kicheko kimemwisha usoni.

"Meza inatetemeka," alisema. "Anahisi meza, baba Bosi."

"Usianze."

"Sianzi. Nitambeba, halafu upige."

Akamtoa mtoto sandukuni, akamlaza kifuani pake, uso wa mtoto ukiangalia ukuta. Fundi akatazama nyundo. Angeweza kusema ana kazi. Angeweza kuwafukuza watu. Lakini watu kawaita mwenyewe, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Akapiga.

Bosi alikuwa amekiona kifungo cha gauni la mama yake. Akakitia mdomoni.

Fundi akapiga kwa nguvu zaidi. Mtoto ananyonya kifungo. Akaitupa ile nyundo, akachukua kubwa, ile ya kunyooshea vyuma, akaishusha kwa mikono miwili. Kuku aliyekuwa akidonoa mlangoni akatimua mbio. Fundi pancha akaziba masikio. Bosi hakupepesa hata ukope.

"Labda kazoea," bibi akasema, sauti inamtetemeka. "Kazoea tu, mjukuu wangu."

Fundi alipiga, akapiga, akapiga, jasho linamtiririka, utadhani fuawe ndiyo iliyomkosea, kila pigo akimtazama mwanawe kisogo, akimwomba Mungu kichwa kile kigeuke, kigeuke mara moja tu. Mkewe ndiye aliyemfuata na kumshika mkono.

"Inatosha, baba Bosi. Inatosha."

Fundi akaiweka nyundo chini kama mtu anayelaza kitu cha kuvunjika.

"Mfuniko ulianguka," akasema.

"Mfuniko gani?"

"Nyumbani. Nyuma yake, yuko macho. Nilijua, mama Bosi. Nilijua, nikawa naogopa." Na hapo akalia, mbele ya mama yake na fundi pancha, bila kujificha.

Mkewe hakumlaumu. Alisema tu saa sita haiko mbali.

Fundi akafungua aproni. Akanawa mikono, akamchukua mtoto, akamlaza kifuani pake. Bibi akamkimbilia, akamnong'oneza: "Mwanangu, piteni uchochoroni kwa nyuma. Watu wana maneno. Ulivyomsifia mtoto huyu mtaa mzima!"

"Mama, mficha maradhi kifo humuumbua," fundi akajibu, akatokea mlango wa mbele.

Hawakufika mbali. Mama wa duka la kona, aliyekwisha kuoneshwa yule mtoto hadi akachoka, akawaona. "Makubwa! Leo Bosi kaacha kulala? Au nyundo zimemshinda?" Wateja wake wakageuka, wakicheka tayari, wakingoja fundi atambe kama kawaida yake.

Fundi akasimama. Angeweza kucheka nao akapita. Mkewe mwenyewe alikuwa anamvuta kidogo kiwiko, amhurumie. Akavuta pumzi.

"Mwanangu hasikii," alisema kwa sauti yake ile nene. "Tunampeleka hospitali."

Vicheko vikakatika. Lakini Bosi, ambaye shavu lake lilikuwa limebanwa kifuani mwa baba yake, aliinua kichwa ghafla. Akamtazama baba mdomo. Akaweka kiganja kwenye koo la baba, lililokuwa likitetemeka kwa sauti ile, akatabasamu.

Fundi akamwangalia. Kisha akalirudia neno lilelile lililomuuma kuliko yote, taratibu, akilitoa chini kabisa kifuani, "Mwanangu hasikii," na mtoto akaangua kicheko.