Gari la Viti Viwili

Kwanza kilisikika kikohozi. Kho, kho, kisha mluzi mwembamba, kama wa upepo unaopenya mlango mbovu. Lyle Torvik alikuwa akizoa theluji mbele ya nyumba yake, kungali giza, na hakuhitaji kuinua kichwa. Mtu aliyeishi na mkohozi miaka na miaka humtambua hata akiwa sokoni.

Likatokeza konani: gari lililokuwa lake, jekundu, la michezo, la viti viwili, paa lake la turubai limebandikwa mkanda wa gundi ubavuni. Mluzi ulitoka hapo. Corinne Blaha alikuwa kwenye usukani, na kando yake mwanawe wa kiume amejifunika blanketi hadi puani.

Blanketi lile lilimchoma Lyle. Kipasha joto cha gari kilikufa tangu mwaka juzi, naye alijua.

Alilitoa kanisani mwezi uliopita. Nyuma ya ukumbi wa kanisa lao, pale Wisconsin, kuna gereji. Muumini mwenye gari la ziada hulitoa, mafundi wa kujitolea hulitengeneza Jumamosi, na Jumapili funguo hukabidhiwa familia isiyo na usafiri. Lyle alikuwa amehangaika kiangazi kizima kuliuza. Waliokuja kulitazama walipiga teke magurudumu, wakacheka, wakaenda zao. Ndipo huruma ilipomjia! Akalitoa, akapata nafuu ya kodi ambayo serikali humpa mtoaji, akapigiwa makofi mpaka masikio yakamwasha. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sawa. Ila moyo wa Lyle ulitoa kilichouchosha, kisha ukatoka kifua mbele kama uliotoa figo.

Fundi alimuuliza habari za joto. "Linataka subira tu," Lyle alijibu.

Na nani angesema neno? Watu wa kule hawajui kukataa zawadi. Mchungaji alijua Corinne, aliyepewa gari, ana watoto wawili, lakini hilo ndilo gari pekee lililokuwepo, na aliona haya kumwambia mtoaji kwamba halifai. Mama naye aliona haya kumwambia mchungaji. Basi wote wakatabasamu, wakateremka ukumbini kula viazi vya kuokwa na nyama.

Kho, kho. Gari likarudi, safari hii Corinne yuko peke yake. Muda si muda likapita tena kuelekea kule kule. Verna, mkewe Lyle, alikuwa ametoka na kikombe cha kahawa.

"Umeona?" Lyle alimwambia. "Anazunguka nalo. Anatamba! Nani asingetamba na gari kama lile?"

"Kwenye theluji, giza lote hili? Mume wangu, wewe na gari lako nyote mmeingiwa na maji kichwani."

"Sema tu una wivu."

"Kwanza alimbeba mvulana. Sasa kabeba msichana." Verna alimkabidhi kikombe. "Hebu niambie, mzee, gari lako lina viti vingapi?"

Lyle alilitazama gari likipotea konani.

"Na akimpeleka wa kwanza kwa bibi yake, wa pili hubaki na nani?"

Kahawa ikamwia chungu. Akaimwaga kwenye theluji.

Siku ile hakufanya kazi ya maana. Jioni aliwasha gari lake kubwa la milango minne, akaliacha lipate joto kwanza kama ilivyo desturi yake, kisha akaenda kwa Corinne na trei ya keki ya malenge aliyoshikishwa na Verna.

"Mzee Torvik! Karibu, karibu ndani," Corinne alisema, bado na buti za kiwanda cha jibini. "Gari lako linatusaidia kweli. Tunashukuru sana."

"Linaleta joto?"

"Ah, linahitaji subira tu. Fundi alinieleza."

Neno lake mwenyewe lilimrudia kama kofi. Mara msichana wa miaka sita hivi alichungulia nyuma ya sketi ya mama yake.

"Mimi hubaki hapa nimevaa koti," alisema. "Ninahesabu kwa sauti mpaka mama arudi. Jana nilihesabu mpaka nikasahau namba."

"Juniper! Nyamaza."

"Na bosi amesema mama akichelewa tena asirudi."

Corinne alicheka, kicheko cha mtu anayefunika sufuria inayofurika. "Watoto, Mzee. Usimsikilize."

"Ni kweli?"

Kicheko kikafa. "Ni kweli. Nikichelewa mara moja tu, kazi sina."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba nimepewa gari bure na nachagua?"

"Kile kipasha joto kilikufa zamani," Lyle alisema. "Nilijua. Nilimdanganya fundi. Nilitaka gari liondoke nyumbani kwangu, basi."

Corinne alimtazama, macho makavu. "Sasa unataka nikusamehe, au unataka keki yako?"

"Sitaki chochote."

"Wala mimi sitaki kuhurumiwa."

"Huruma nilishaitoa, dada. Si unaona ilivyo?"

Juniper alikuwa ametoka hadi kibarazani, akilitazama lile gari kubwa linalonguruma taratibu, vioo vyake vimejaa mvuke wa joto.

"Babu, hilo lina viti vingapi?"

"Vitano."

"Umekuja na nani?"

Lyle alitazama vile viti vitupu. Akaingia garini, akazima injini, akarudi na funguo, akazitia mkononi mwa Corinne. Corinne alitaka kuzirudisha. Lyle akaufumba mkono wa Corinne juu ya funguo.

"Nipe zile nyingine. Jekundu naondoka nalo mimi. Karatasi tutazimaliza kesho kwa mchungaji, na fundi nitamwambia mwenyewe nilichofanya."

"Na mkeo?"

"Atakucheka wewe kwa kunivumilia mimi na gari langu mwezi mzima."

Kisha akapiga magoti kwenye theluji, suruali ikalowa, akamtazama Juniper usoni.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Kesho alfajiri mtatoka nyote watatu, pamoja, kwa safari moja. Hutabaki tena peke yako gizani. Nakuahidi."