Kidole Gumba cha Waithira

Waithira alilamba kidole gumba, akakipitisha juu ya shavu la bibi harusi, na shavu likatoka. Lilikifuata kidole mpaka ukingoni mwa karatasi, na bibi harusi, ambaye punde tu alikuwa fahari ya duka zima, akabaki kama aliyepigwa kofi mbele ya wageni.

"Inatoka," alisema Waithira.

"Mama, hiyo ni sampuli ya kuonyesha wateja tu," alisema Muzammil, kijana mwenye duka, akijikaza kutabasamu. "Halafu, nani hulamba picha?"

"Wewe hujafiwa," Waithira alimjibu, akajifuta kidole kwa leso kama mtu aliyegusa kitu kilichooza.

Hili lilikuwa duka la tatu. Asubuhi walikuwa wamepitia mawili kule Thika, na yote mawili aliyaacha yakimsonya. Printa ya kwanza iliwapa watu wote ngozi ya rangi ya mchuzi wa maharagwe. Ya pili haikuweza picha kubwa. Muuzaji, bila haya, alimwonyesha uso uliochapwa vipande viwili ukaungwa kwa gundi puani. Waithira alimuuliza kama na nyumbani kwake watu huungwa hivyo. Ndipo Lynn, bintiye, akamleta Ruiru, ambako alikuwa amesikia kuna mashine inayomeza karatasi ya upana wa sinia. Lynn alifanya kazi katika ofisi ya kiwanda kimoja cha Thika na alikuwa ameomba ruhusa siku nzima ili amnunulie mamake printa ya kuweka nyumbani. Sasa alisimama mlangoni akitazama viatu vyake.

Tangu usichana wake mpaka studio ilipofungwa, Waithira alikuwa ameosha na kukuza picha za nusu ya Thika katika chumba chenye taa moja nyekundu. Hakuna aliyemfikia, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hivyo. Wapiga picha wa siku hizi aliwadharau, wenye maabara za rangi aliwadharau zaidi, na wenye kompyuta hakuwa amewapa hata heshima ya kuwafikiria, hadi mumewe alipokufa.

Githae alipofariki, mwaka mmoja nyuma, Waithira hakuwa na nguvu hata ya kujifunga kitambaa kichwani. Shemeji yake Zacharia, mtu wa kufanya kila jambo kwa pupa, alichukua kitambulisho cha marehemu, akakimbia nacho kwa kijana fulani mwenye kompyuta, akarudi na uso mkubwa wenye macho ya mtu aliyekamatwa usiku. Picha hiyo ndiyo iliyotangulia jeneza. Na kaburini dadake Githae alipoikumbatia akalia, wino ukayeyuka, kidevu cha kakake kikamhamia kwenye blauzi. Watu waliona. Wengine walibana midomo wasicheke, na Waithira aliwajua mmoja mmoja.

Sasa ibada ya kumbukumbu ilikuwa mwisho wa mwezi. Waithira alikuwa ameapa kwamba safari hii watu watamwona Githae mwenyewe, mkubwa, anacheka, na uso wake hautamtoka hata akililiwa na kanisa zima.

"Tujaribu na picha yako basi," Muzammil alisema. "Karatasi yenyewe ni hii nzito, inang'aa. Wino ukishakauka hapa hauendi popote."

"Tutaona kama kweli hauendi popote."

Alifungua mkoba, akatoa picha iliyofungwa kwa kitambaa. Alikuwa ameipiga yeye, akaiosha yeye, siku ya karamu ya Lynn kumaliza chuo. Githae amesimama kwenye lango la nyumba yao ya Kiganjo, kinywa wazi kabisa, pengo la juu likionekana. Kila aliyeiona alijikuta anacheka kabla hajauliza kinachochekesha ni nini. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya.

Muzammil aliilaza juu ya kioo, mwanga ukapita chini yake, akagusagusa kompyuta. Kisha printa ikaanza kukwaruza.

Zilitoka nywele. Ukapita muda, zikatoka nywele tena. Kisha paji la uso, likichungulia kwa vistari vyembamba. Waithira alibetua midomo. Kwenye dawa zake za kuoshea picha, uso ulikuja mara moja. Karatasi ilikuwa nyeupe, kisha mtu mzima akawa ndani yake, kama aliyeitwa akageuka.

"Sasa huyu anatoka wapi, uvunguni?" alisema. "Mimi kwangu mtu alikuja mzima."

"Mama, si umpe nafasi kidogo," Lynn alisema.

"Nimpe nani? Mashine?"

Nyusi zikaja. Macho yakaja. Pua ikafika mwisho wake, na stima ikapotea.

Hakuna aliyeshangaa. Ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme, mwaka wa tisini na tisa, na watu walikuwa wamekwisha kuzoea kukatwa katikati ya kila jambo. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alisikika akimtuliza mteja mwenye nusu ya kichwa. Muzammil aliomba radhi, akaichomoa karatasi taratibu kwa ncha za vidole, akampa Waithira, ambaye tayari alikuwa na maneno ya kumwambia, tena makali. Aliipeleka mlangoni penye mwanga ili aidharau vizuri.

Chini ya pua palikuwa peupe. Kicheko hakikuwepo.

Alikitafuta kwenye macho, maana kicheko cha kweli hubaki machoni hata kinywa kikifungwa, na hakukikuta. Chini ya macho palikuwa pamevimba. Jicho la kushoto lilikuwa limejikunja pembeni, jinsi Githae alivyolikunja gunia lilipomwelemea bega naye hataki kusaidiwa. Yalikuwa macho ya mtu anayengoja wageni waondoke akajilaze.

Mashine imeharibu, alijiambia upesi. Akarudi, akaichukua picha yake mwenyewe kwenye kioo, ile ya mikono yake, akaja nayo mlangoni, akaziba kinywa cha Githae kwa kidole gumba. Macho yaliyomtazama yalikuwa yale yale.

Mashine haikuwa imeharibu kitu.

Alikumbuka siku ile. Githae alikuwa amesukuma sahani ya nyama kwa watoto wa jirani, na yeye, kamera mkononi, akamsema mbele ya wageni: mtazameni tajiri wetu, siku hizi mbuzi hamtoshi. Alikuwa na ulimi huo, na watu walimpendea huo. Wote waliangua kicheko. Githae naye akafungua kinywa akacheka nao, na Waithira akabonyeza. Miezi mingine mingi ilipita kabla daktari hajawaambia kile kilichokuwa tumboni. Picha ile alikuwa ameikuza mara ngapi, akaigawa kwa jamaa, akajisifu nayo. Jicho lake lililoona kasoro ya kila mtu lilikuwa limeona pengo la jino na mwanga mzuri wa saa kumi, basi.

Lynn alikuwa amekuja nyuma yake. Aliitazama nusu ile ya babake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa anaumwa tayari, Mama?"

Waithira aliinamia karatasi. Kidole gumba kilikuwa kimekwenda kinywani chenyewe, kwa mazoea, kikarudi kimelowa. Alikishusha kuelekea kwenye karatasi, chini ya jicho la kushoto pale palipovimba, na kikasimama hapo, upana wa kucha kutoka kwenye wino. Muzammil alikitazama akisubiri hukumu yake.

Stima ikarudi. Printa ikakohoa, ikawasha taa yake ya kijani. Ng'ambo, mashine ya kinyozi ikaanza kuvuma tena.

"Nianze upya, mama?" Muzammil aliuliza. "Itatoka yote sasa."

Waithira alijifuta kidole kwenye sketi, akakifuta tena. Aliishika karatasi kwa kingo zake, mbali na nguo, mbali na pumzi yake.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza huyu akauke."