Mtaro wa Bure

Kampuni ilipokinunua kile kiwanda cha chai kutoka serikalini, kwanza ilipaka geti rangi mpya. Kisha ikaleta mkataba: wakulima wa upande wa Masukulu waiuzie kampuni peke yake majani yao kwa miaka mitano, wasimtazame mnunuzi mwingine hata akipita mlangoni. Na kabla wakulima hawajautia saini, ikaleta watu wa kujitolea.

Walikuja Jumamosi, lori zima la makarani, wahasibu na mafundi, wamevaa fulana za kijani zenye jina la kampuni mgongoni. Wakachimba mtaro kando ya barabara inayoshuka kwenye banda la kuuzia majani, pale ambapo kila masika lori la majani lilikuwa likizama na majani yakiozea maguniani. Walichimba kweli. Andongwisye, mmoja wa wakulima hao, hakuwa mtu wa kumsifia mkubwa yeyote, lakini macho anayo. Mtaro ulikuwa mzuri, na mvua iliyofuata ilipita humo kama imeelekezwa.

Lililomkaa kooni ni chakula. Akina mama walikuwa wamepika ndizi na maharage, na maziwa mgando yalikuwa tayari kwenye vibuyu. Wageni wakasema asante, tuna chakula chetu. Wakapanda lori, wakala chipsi kwenye vifuko, wakapiga picha na mtaro, wakaenda zao.

"Mtu akulimie halafu asile kwako," alisema Elina, wakulima walipokutana bandani kuujadili mkataba. Alikuwa mama wa makamo mwenye shamba zuri kuliko wanaume wengi, na maneno yake hayakuwa na breki. "Huyo amekuona wewe nani?"

"Waliogopa matumbo yao," alijibu Abeli, mwenyekiti wa wakulima. Siku ile alikuwa amepewa kofia ya kampuni, na tangu hapo haikuwa imeshuka kichwani.

"Na wewe uliyevalishwa kofia ulishindwa kuwashawishi hata kwa kijiko kimoja?"

Watu wakacheka. Abeli akangoja wamalize.

"Chekeni. Lakini niambieni, wakubwa wa zamani walituchimbia mtaro lini? Hawa wamekuja na mikono yao. Mimi nasema tusaini."

Wakubwa wa zamani Andongwisye aliwajua. Mkewe Atuganile alipozidiwa, alikimbia mpaka kwa ofisa wa chai kuomba gari limpeleke hospitali Tukuyu. Gari lilikuwepo. Lilikuwa limebeba saruji ya nyumba ya ofisa huyo, na haikuwezekana kuishusha. Atuganile alifia njiani, kwenye machela, mabegani mwa majirani. Tangu hapo Andongwisye alikuwa akiwapima wakubwa wote kwa gari lile, na hakuwa amekutana bado na aliyefaulu.

"Wakubwa ni walewale, wamebadilisha shati tu," alisema. "Lakini nisiseme sana. Kwetu hapa, mtu akija na jembe shambani kwako, siku yako ikifika na wewe unakwenda kwake. Ndivyo tunavyojuana. Basi twendeni kiwandani tukawalimie. Wakitupokea, ni majirani, na mimi nitakuwa wa kwanza kubandika dole gumba kwenye hiyo miaka mitano. Wasipotupokea, tutajua tunasaini na nani."

"Baba Hellen, kiwanda hakina shamba la mahindi," Abeli alimwambia.

"Kina nyasi zimeota mpaka juu ya uzio. Labda wanazifuga."

Wakakubaliana. Moyoni Andongwisye alikuwa na hakika geti halitafunguliwa. Alichotaka ni Abeli asimame pale na kofia yake aone mwenyewe.

Wakapanda kwenda kiwandani asubuhi yenye ukungu, wanaume na wanawake, majembe begani. Mlinzi wa geti, Amoni, alikuwa mtoto wa palepale Masukulu. Alipowaona wanatokeza kwenye kona akafunga geti, akapuliza filimbi.

"Baba, huu ni mgomo?" alimuuliza Andongwisye kupitia nondo.

"Mgomo gani, mwanangu? Tumekuja kufanya kazi."

"Ndiyo maana naogopa. Sijaona watu wanakuja kufanya kazi bila kuitwa."

Filimbi ikamtoa meneja ofisini. Jina lake Emmanuel, kijana kutoka Dar es Salaam, na siku ya mtaro alikuwa amechimba pamoja na wenzake. Akaja na mwavuli, akaamkia wazee vizuri, akasikiliza shida yao mpaka mwisho, akatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Wazee wangu, ile kazi tuliifanya bure. Kwa moyo tu. Hamdaiwi chochote."

Tabasamu lake halikupata mwenzake. Andongwisye aliteremsha jembe begani.

"Mwanangu, nani alikuambia sisi ni watu wa bure? Anayelimiwa asirudishe ni mgonjwa, au mtoto yatima. Sisi umetuona wagonjwa?"

"Hapana, mzee. Sikuwa na maana hiyo."

"Basi fungua tulime."

Emmanuel akalitazama geti, akawatazama. "Tatizo ni kwamba mtu akijikata humu ndani, nani atawajibika?"

"Wewe ulipopasuka malengelenge kule kwetu," alisema Elina, "mimi nilikuuliza nani atawajibika? Nilikuletea maji ukanawa."

Kijana akatazama viganja vyake. Alama zilikuwa bado zipo. Akasema wamsubiri, akapige simu Dar es Salaam.

Wakasubiri. Manyunyu yakaanza. Kupitia dirisha la ofisi walimwona amesimama na mkono wa simu sikioni, amenyooka, anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Aliporudi alikuwa ameusahau mwavuli.

"Wamekataa," alisema. "Wanasema asiyeajiriwa haruhusiwi kuingia na vifaa. Wanawasalimu sana, na wameagiza mpewe soda."

"Soda wanywe wenyewe," Elina alisema. "Tuna chakula chetu."

Hapo Abeli mwenyewe alicheka, akageuka pembeni ili kijana asimwone.

Andongwisye alimsogelea Emmanuel mpaka kwenye nondo. "Wewe ungetaka tuingie?"

"Ningetaka."

"Basi tupeleke nyumbani kwako. Tukulimie wewe, yaishe."

"Nyumba ni ya kampuni, mzee. Iko humuhumu ndani."

"Hata mgomba mmoja wa nje huna?"

"Sina."

Andongwisye akalirudisha jembe begani. Alikuwa amepanda mlima ule na hasira yake ameiandaa, mkubwa wa kumtupia amempata, na sasa mkubwa mwenyewe amegeuka kijana aliyelowa, hana mgomba, hana ruhusa ya kufungua geti la mahali anapolala. Hakuweza kumtupia. Lakini hasira haikuisha. Ilipanda juu zaidi, ikawafuata wale walioishika simu upande wa pili, wasiojua Masukulu iko wapi, waliotuma watu kuchimba ili wapendwe na huku wanaogopa jembe la mkulima.

Wakashuka. Hawakwenda makwao, walikwenda moja kwa moja bandani, wakakaa na nguo zao mbichi.

"Kijana ni mzuri," alisema Andongwisye. "Nasema wazi, ni mzuri, na mtaro wake ni mzuri. Lakini siku majani yamejaa humu na lori halijaja, atafanya nini? Ataomba ruhusa. Na majani hayangoji ruhusa ya mtu. Sisi tunampenda yeye, halafu tunasaini na wale wasioonekana. Mimi nasema tuwauzie msimu huu mmoja. Ukiisha waje tuzungumze tena, na mnunuzi mwingine akitaka naye aje tumsikie."

"Watakasirika," Abeli alisema.

"Wakasirike. Kiwanda kimeuzwa na kununuliwa bila sisi kuulizwa. Majani hayajauzwa bado."

Abeli akawageukia wengine. Kisha akauliza nani anaunga mkono msimu mmoja, na mkono wake ukawa miongoni mwa mikono ya kwanza kunyooka.

Jumatatu Emmanuel alikuja mwenyewe kuchukua jibu. Abeli alimwambia bila kuzunguka.

"Msimu mmoja?" kijana aliuliza. "Kwa sababu ya geti?"

"Kwa sababu si wewe uliyelifunga," Andongwisye alimjibu. "Ungekuwa wewe, tungezungumza hata miaka kumi."

"Itabidi niwaulize wakubwa."

"Kawaulize, mwanangu. Nenda salama."

Andongwisye akabeba kikapu mgongoni, akamwacha bandani na Abeli, akaenda kuchuma.