Ufagio Mlangoni kwa Zinaida

Kwetu Kirkenes, mji wa Norwe karibu na mpaka wa Urusi, ukitoka hufungi nyumba kwa ufunguo. Unaegemeza ufagio mlangoni, na kila mtu anajua hupo. Sasa niambieni, kwa nini ufagio wa jirani yangu Zinaida ulikuwa mlangoni juma zima, na bomba lake linatoa moshi?

Shemeji yangu Oddvar, mwanajeshi mstaafu wa mpakani, alisimama dirishani kwangu na darubini yake.

“Vikombe viwili mezani, shemeji. Anapokea mtu.”

“Nani?”

“Polisi watamjua. Leo leo nawapigia simu.”

Huyu Oddvar! Ujanani aliambiwa hatari ni vifaru vya Warusi ng’ambo ya mto, akavikodolea macho. Baadaye wakubwa wakasema usalama ni ujirani mwema. Akaimba kwaya na Warusi, na Zinaida alipotoka Murmansk, kwao Urusi, kuolewa na baharia wetu, Oddvar alicheza harusini mpaka suruali ikachanika. Siku hizi wakubwa wanasema hatari huenda inaishi nyumba ya pili. Kageuka tena, na mimi nyuma yake. Tangu vita vya Ukraine vianze sikukanyaga kwa Zinaida, mimi niliyekuwa nikinywa kahawa kwake kila asubuhi.

Lakini wakimfukuza nchini, mjane yule ataenda wapi? Murmansk hana tena mtu. Mume wake kazikwa hapa hapa. Nikamwambia Oddvar asubiri, nikaenda mwenyewe.

Kuondoa ufagio wa mtu ni utovu wa adabu. Niliuondoa.

Zinaida alikuwa mezani, peke yake, na vikombe viwili vinatoa mvuke. Hata sikumsalimu.

“Nani anakunywa hapa?”

“Wewe.”

“Mimi?”

“Mkono umezoea, shoga. Ikifika saa tano unamimina viwili.”

Nikachungulia chumbani, nikatazama hadi nyuma ya pazia. Hapakuwa na mtu.

“Na huo ufagio? Uko ndani, unatudanganya umetoka!”

Alizungusha kikombe chake.

“Ufagio ukiwa mlangoni, siku ikipita bila mgeni, nasema ni kwa sababu ya ufagio.”

Aibu ilinishika, natamani ardhi ipasuke. Nikaketi, nikanywa kikombe changu. Tukakumbuka harusi, na tulipofika kwenye suruali ya Oddvar tulicheka hadi machozi.

Niliporudi, Oddvar alikuwa bado dirishani.

“Ni upweke tu,” nikamwambia. “Kikombe cha pili ni changu. Acha simu yako.”

Alinitazama kama mtu asiyenifahamu.

“Umekaa saa nzima, shemeji. Nimewaona mnacheka. Mlikuwa mnazungumza nini?”

“Suruali yako!”

Hakucheka. Alichukua koti lake, akatoka bila kuaga, simu mkononi.